Mgeni Ajulikane Kabla ya Kupewa Ufunguo

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni asiyemjua. Askari na polisi waliojenga kwa akiba zao na kukodisha nyumba kwa wageni wa siku mbili tatu wanafanya kazi halali, nasi twaiunga mkono. Hata hivyo, hatuna budi kuwakumbusha yaliyotokea kwa jirani zetu.

Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi liliua watu 213. Lilikuwa limetayarishwa katika nyumba ya kupanga, mtaani Runda. Siku hiyo hiyo watu 11 waliuawa Dar es Salaam. Huko nako wauaji walikuwa wamepanga nyumba, Ilala. Kodi iliyolipwa si ushahidi wa wema.

Kwa hiyo mwenye nyumba adai kitambulisho au pasipoti, alinganishe picha na uso, na aandike daftarini majina, idadi ya watakaolala na namba ya gari. Aliyeomba nyumba ndiye akabidhiwe ufunguo, si mjumbe wake.

Lakini tusimshuku mtu kwa kabila, dini wala lafudhi yake. Nyumbani kwako wewe ni mwenyeji. Usimhoji mgeni kama mahabusu, wala usivae sare kwenda kumpekua. Ukiona la kutia shaka, toa taarifa kituoni kama raia yeyote.

Ndugu askari, kuuliza jina si utovu wa adabu. Ulinzi wa taifa huanzia mlangoni pako.