Maji kuwa twahara si kuwa salama: funzo la konokono wa jangwani

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyejaalia uhai wa kila kitu utokane na maji. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo nataka tuzungumze juu ya kiumbe ambaye hatajwi mimbarini: konokono wa maji baridi. Huenda ukashangaa zaidi nikikwambia kwamba nitamtafuta katika nchi za jangwa, Misri, Yemen na Oman, kabla ya kurudi naye kwetu. Wengi hudhani kuwa penye jua kali na mchanga hapawezi kuwa na maradhi ya majini. Ukweli ni kinyume chake. Kwa kuwa jangwani maji ni haba, watu, wanyama na konokono wote hukutana pahala pamoja, kwenye chemchemi, mfereji au birika moja.

Konokono huyu amejaaliwa ustahimilivu wa ajabu. Baadhi ya aina zake, maji yanapokauka, hujizika katika tope na kujifungia ndani ya gamba, wakangoja miezi kadhaa mpaka mvua irudi. Tena kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike kwa pamoja, hivyo akisalia mmoja tu aweza kuanzisha kizazi kipya. Kwa hiyo mtu asidanganyike kwa kuona bwawa limekauka akasema maradhi yamekwisha.

Hata hivyo, konokono hazaliwi na ugonjwa. Ugonjwa anaupata kwetu. Mtu mwenye kichocho akikojoa au akienda haja kubwa majini, mayai ya minyoo huanguliwa, na vijidudu vinavyotoka humwingia konokono. Huzaliana ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha hutoka kwa maelfu na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayetawadha. Dakika chache huwatosha. Minyoo ikishakua hukaa miaka katika mishipa ya damu ya kibofu au ya utumbo. Mayai yanayonasa mwilini ndiyo yaletayo mkojo wa damu, kuharibika kwa ini, na hata saratani ya kibofu. Kwa wanawake huacha vidonda katika via vya uzazi. Wengi wao huona haya kusema, na wengine hudhaniwa uovu ambao hawakuufanya.

Misri ina historia ndefu ya balaa hili. Mwaka 1910 mtaalamu Marc Armand Ruffer alikuta mayai ya kichocho katika maiti zilizohifadhiwa tangu zama za Mafirauni, takriban miaka 3,000 iliyopita. Mnyoo wenyewe ulikuwa umegunduliwa Cairo mwaka 1851 na tabibu Mjerumani, Theodor Bilharz, ndiyo maana Waarabu huuita ugonjwa huu bilharzia. Mwaka 1915 Robert Leiper akathibitisha, huko huko Misri, kwamba konokono ndiye njia yake. Mifereji ya kumwagilia mashamba mwaka mzima ilipoenea, na Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, konokono walipata makao yasiyokauka. Neema ya maji ikawa pia mtihani.

Lipo funzo jingine lenye uchungu zaidi. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji wa Misri walitibiwa kichocho kwa sindano, mfululizo wa sindano nyingi kwa kila mgonjwa. Nia ilikuwa njema, lakini sindano zilitumika kwa zaidi ya mtu mmoja bila ya kusafishwa ipasavyo, na virusi vya homa ya ini aina ya C vikaenea kwa umma mkubwa. Leo dawa ni vidonge vya prazikwanteli, visivyo na balaa hilo. Lakini vidonge huua minyoo iliyomo mwilini tu. Havimzuii mtu kuambukizwa tena kesho akirejea katika maji yale yale.

Hapa ndipo fiqhi yetu inapoingia. Bwana Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo. Ametahadharisha pia juu ya kwenda haja kwenye vyanzo vya maji, njiani na kivulini, akahesabu kuwa ni mambo yanayomletea mtendaji laana. Ukiyatazama makatazo hayo pamoja na safari ya mnyoo niliyoieleza, utaona kwamba yanaikata safari hiyo mahali pake pa mwanzo, kabla konokono hajafikiwa.

Wapo watakaosema: maji yakishafika kulateni mbili hayanajisiki ila yabadilike rangi, ladha au harufu. Ni kweli, na hiyo ni hukumu ya twahara. Lakini hukumu ya madhara ni mlango mwingine. Maji yaweza kuwa twahara, udhu ukasihi, na bado yakamdhuru mwenye kutawadha. Maulamaa wetu wa madhehebu ya Shafi walilijua hilo. Kila aliyesoma vitabu vya mwanzo vya fiqhi anakumbuka maji yaliyopashwa moto na jua: ni twahara, yanatwaharisha, lakini ni makuruhu kwa kuchelea madhara ya mwili. Iwapo walijali maradhi ya ngozi kwa maji ya jua, sisi tutanyamazaje juu ya maji yenye kichocho?

Nchini Yemen mabirika ya kutawadhia misikitini yamewahi kuwa miongoni mwa mahali pa kuambukizwa kichocho. Hebu fikiri: mtu ametoka nyumbani kwake kuitika adhana, akarudi na mnyoo mwilini. Na huko Dhofar, kusini mwa Oman, chemchemi za milimani zilipatikana kuwa na kichocho cha tumbo katika karne iliyopita.

Wala tusiwanyooshee kidole Waarabu. Unguja na Pemba zinakifahamu vyema kichocho cha mkojo, na mwambao wetu pamoja na kando ya maziwa makuu vilevile. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 250 duniani walihitaji dawa ya kukinga, wengi wao Afrika. Mimi mwenyewe nakiri: tulipokuwa watoto tulihifadhi mlango wa twahara asubuhi chuoni, na alasiri tukaruka mtoni tukafanya humo humo yale tuliyoyasoma kuwa yamekatazwa. Mwenzetu alipokojoa damu, wakubwa walicheka wakasema amebaleghe. Elimu ilikuwa ulimini, haikufika mtoni.

Basi nashauri haya. Kamati za misikitini zenye mabirika ziweke mifereji ya bomba, na maji ya mtoni yahifadhiwe siku mbili katika tangi lililofunikwa, lisilo na konokono, kabla ya kutumiwa. Wenye uwezo wanaotafuta sadaka yenye kuendelea wajenge vyoo karibu na mashamba ya mpunga na njia za mtoni. Wengi huchimba visima, na ni jambo jema, lakini choo kinachoulinda mto nacho kina ujira wake. Wazazi wawaachie watoto wanywe dawa zinapogawiwa shuleni. Na akina mama wanaoona dalili waende hospitali bila ya kuona haya, maana hakuna haya katika kutafuta tiba.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaojitwaharisha, na ayalinde maji yetu na mikono yetu wenyewe. Wabillahi tawfiq.