Sanduku la maoni lihamishwe

Mimi ni mwalimu wa malezi, shule ya msingi. Sanduku letu la maoni lilitundikwa mlangoni mwa ofisi ya walimu. Mtoto gani angetumbukiza karatasi huku tunamtazama? Tulipolihamishia karibu na bomba la maji, karatasi zikaanza kuja. Moja, kwa penseli, ilisema: "Wananiita zeruzeru kila siku." Nilipomuuliza mtoto aliyeiandika kwa nini alinyamaza muda wote ule, alijibu alidhani ni utani. Iliniuma sana. Kwa hiyo tuwafundishe watoto kwanza kuyatambua mambo haya: kutishwa, kubaguliwa, kushikwashikwa. Na waijue namba 116, simu ya bure ya mtoto hapa Tanzania, maana wakati mwingine anayewatesa ni mwalimu mwenyewe.