Kenya: Nani angeupinga Mswada wa Fedha wa 2025 bungeni?

Katikati ya Juni 2025 Bunge la Kitaifa la Kenya liliingia katika siku zake nzito zaidi za mwaka huo. Waziri wa Fedha John Mbadi alisoma bajeti ya shilingi trilioni 4.29 Alhamisi tarehe 12 Juni, siku ile ile ambayo wenzake wa Uganda, Tanzania na Rwanda walisoma za kwao. Wakati huo wabunge walikuwa wakiusubiri Mswada wa Fedha wa 2025 urudi kutoka kamatini ili usomwe kwa mara ya pili. Sheria iliwataka wawe wameupitisha ifikapo tarehe 30 Juni, siku mwaka wa fedha unapofungwa.

Mwaka uliotangulia kazi kama hii iliishia kwa moto. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliuunga mkono Mswada wa Fedha na 106 wakaupinga. Muda mfupi baadaye vijana waliokuwa wakiandamana waliingia ndani ya majengo ya Bunge, na polisi wakafyatua risasi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi, akaurudisha bungeni na pendekezo la kufuta vifungu vyote. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu watu 60 na zaidi waliouawa katika maandamano ya miezi hiyo.

Jambo moja lilikuwa limebadilika tangu wakati huo, na ndilo lililotarajiwa kuamua mjadala: kura zile 106 zilikwenda wapi?

Waliokikalia kiti

Jibu fupi linapatikana katika historia ya kiti kimoja, cha Kiongozi wa Wachache katika Bunge la Kitaifa. Kati ya 2017 na 2022 kilikaliwa na John Mbadi mwenyewe, wakati huo akiwa mwenyekiti wa chama cha ODM. Baada ya uchaguzi wa 2022 kikaenda kwa Opiyo Wandayi, naye Mbadi akakabidhiwa Kamati ya Hesabu za Umma, kamati ambayo kwa desturi huongozwa na upinzani kwa sababu ndiyo inayofuatilia fedha baada ya serikali kuzitumia. Rais alipovunja Baraza la Mawaziri mwezi Julai 2024 ili kutuliza hasira za vijana, aliwaita watu wa ODM serikalini. Mbadi akapewa Hazina ya Kitaifa, Wandayi akapewa nishati. Aliyekuwa akidai stakabadhi za matumizi akawa ndiye mwenye ufunguo wa sanduku.

Mwaka 2025 kiti chenyewe kilishikiliwa na Junet Mohamed, ambaye pia ni wa ODM. Mwezi Machi 2025 Raila Odinga na Rais Ruto walitia sahihi makubaliano ya ushirikiano kati ya ODM na chama tawala cha UDA. Kwa hiyo kiongozi rasmi wa upande wa upinzani alitoka katika chama chenye mawaziri. Msaidizi wake, Robert Mbui wa chama cha Wiper, hakuwa na mkataba huo, lakini Wiper peke yake haikuwa na wabunge wa kutosha kuzuia mswada wowote.

Waliosikika zaidi wakiikosoa serikali, yaani Kalonzo Musyoka, Martha Karua na aliyekuwa Naibu Rais Rigathi Gachagua, hawakuwa wabunge. Katiba ya 2010 haimpi kiti mgombea urais aliyeshindwa, wala mgombea mwenza wake. Waliweza kuhutubia makanisani na katika mikutano ya hadhara, lakini hawakuweza kusimama bungeni kuomba kifungu kifutwe. Mwezi Februari 2025 Mahakama Kuu ilisema Spika Moses Wetang'ula alikosea kuutangaza muungano wa Kenya Kwanza kuwa ndio wenye wabunge wengi. Siku chache baadaye Spika akatoa uamuzi mwingine uliouacha muungano huo pale pale. Ubishi ule ulikuwa mkali, ingawa kwa mtu anayetazama kura zinavyopigwa ulikuwa kama ndugu wawili kugombea mlango wa nyumba wanayoishi pamoja.

Kodi isiyoonekana kwenye risiti

Mswada wa 2025 uliandikwa kwa tahadhari. Haukuwa na kodi ya mkate wala kodi ya magari iliyowachoma Wakenya mwaka 2024. Ulikuwa na hata vitu vya kupendeza: posho ya safari za kikazi isiyotozwa kodi ilipendekezwa ipande kutoka shilingi 2,000 hadi 10,000 kwa siku, na kodi ya mali za kidijitali ishuke kutoka asilimia 3 hadi 1.5. Serikali ilisema ilitaka kuziba mianya, wala haikutaka kumwongezea mwananchi mzigo.

Hata hivyo, yalikuwapo mambo mawili yaliyohitaji kusomwa taratibu.

La kwanza lilikuwa pendekezo la kuhamisha bidhaa kadhaa kutoka orodha ya kiwango cha sifuri cha kodi ya ongezeko la thamani, VAT, kwenda orodha ya bidhaa zilizosamehewa kodi hiyo. Kwa mnunuzi dukani majina hayo mawili yanafanana, kwa kuwa katika yote mawili risiti haionyeshi kodi. Tofauti iko kiwandani. Mtengenezaji wa bidhaa ya kiwango cha sifuri hurudishiwa VAT aliyolipa alipokuwa akinunua umeme, vifungashio na malighafi. Bidhaa yake ikihamishiwa katika orodha ya msamaha, harudishiwi chochote, na gharama hiyo huitia katika bei. Miongoni mwa vilivyotajwa ni malighafi za dawa na za vyakula vya mifugo, na simu zinazounganishwa nchini. Mfugaji wa kuku hangekiona kifungu hicho popote. Angekiona kwenye bei ya gunia la chakula.

La pili lilikuwa pendekezo la kufuta kifungu cha Sheria ya Taratibu za Kodi kinachoizuia Mamlaka ya Mapato kuwalazimisha wafanyabiashara kuunganisha mifumo yao kwa namna itakayotoa siri za biashara au taarifa binafsi za wateja. Kenya ni nchi ambayo muuza mboga hupokea malipo kwa simu, hivyo taarifa za malipo ni karibu sawa na shajara ya maisha ya mtu. Wanasheria na mashirika ya kiraia yalilipinga pendekezo hili mbele ya Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa. Kama lingeondolewa, lingeondolewa na kamati hiyo katika ripoti yake, kabla ya mjadala wa wote. Huko kamatini ndiko maoni ya wananchi, ambayo Katiba inalazimisha yasikilizwe, yamekuwa yakibadilisha maneno ya miswada. Ukumbini mara nyingi hubadilishwa kidogo sana.

Hoja hushinda lini?

Mbunge asiyeridhika anayo silaha nyingine, hoja ya kumwondoa waziri. Mwezi Mei 2024 Jack Wamboka, mbunge wa Bumula, aliwasilisha hoja dhidi ya Waziri wa Kilimo Mithika Linturi kuhusu mbolea ghushi iliyouzwa kwa wakulima. Wabunge 149 waliiunga mkono na 36 wakaipinga. Kisha ikaenda kwa kamati teule ya watu 11, ambayo kwa kura saba dhidi ya nne ilisema tuhuma hazikuthibitishwa. Linturi akaendelea na kazi.

Miezi mitano baadaye hoja ya kumwondoa Naibu Rais Gachagua ilipata kura 281, na Seneti ikaithibitisha. Aliyeiwasilisha, Mwengi Mutuse, anatoka upande wa serikali. Hoja ya mtu wa upinzani ilikwama kamatini. Ya mtu wa serikali ilimaliza safari yake katika mwezi mmoja. Haihitaji mtabiri kuona funzo ambalo wabunge wamelipata hapo.

Maswali ndiyo yaliyobaki na meno. Kwa kuwa mawaziri wa Kenya si wabunge, Kanuni zilibadilishwa ili wafike Jumatano kujibu maswali mbele ya Bunge. Wengi hukwepa au hutuma udhuru. Lakini Jumatano tarehe 11 Juni 2025 maseneta walimhoji Inspekta Jenerali wa Polisi Douglas Kanja juu ya kifo cha Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu aliyekamatwa Homa Bay na kufa akiwa mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Polisi walikuwa wamesema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo si ya mtu aliyejigonga. Mbele ya maseneta, Kanja aliomba radhi kwa maelezo yale ya awali. Hakuna kura iliyopigwa, wala hakuna chama kilichohitajika. Iliulizwa swali kwa mtu ambaye hakuweza kuondoka chumbani.

Nyuma ya Mswada wa Fedha ulikuwa ukija mswada mwingine ambao wabunge waliuonea shauku kubwa zaidi: kuiingiza katika Katiba Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge. Mahakama Kuu iliamua mwezi Septemba 2024 kwamba hazina hiyo inakiuka Katiba na ikaipa muda hadi 30 Juni 2026. Kura 233 kati ya 349 zilihitajika. Raila Odinga aliipinga hazina hiyo, ila wabunge wa chama chake mwenyewe walimjia juu, kwa kuwa ndiyo inayolipa karo za watoto wa wapigakura na ndiyo inayowarudisha bungeni. Hapo hakukutarajiwa kuwa na upinzani wala serikali.

Vijana walitangaza kwamba wangerudi barabarani tarehe 25 Juni 2025 kuwakumbuka waliouawa mwaka uliotangulia. Wafanyabiashara wa nchi jirani walikuwa na sababu ya kuitia siku hiyo katika kalenda zao, maana malori ya kwenda Malaba na Busia hupita Nairobi na Nakuru, miji iliyotikiswa mwaka 2024.

Lipo pia jambo dogo la kutazama mswada unapofika ukumbini. Spika huwauliza wabunge waseme ndiyo au la, na kwa kawaida husikiliza upande wenye sauti kubwa. Mwaka 2024 majina ya waliopiga kura yaliwekwa kumbukumbu, na orodha ya wale 195 ikasambaa katika simu za Wakenya. Majina huwekwa kumbukumbu ikiwa tu wabunge wa kutosha, kwa mujibu wa Kanuni za Bunge, watasimama kuyadai.