MAARIFA YA VIUMBE: Samaki Mmoja, Nyumba Tatu

Mwezi huu twataka kunena habari za samaki wa pwani, maana walao samaki ni wengi, lakini wajuao safari aliyosafiri samaki yule kabla ya kufika chunguni ni wachache.

Mtu akiambiwa, "Changu huyu ametoka mwambani," hudhani ya kuwa alizaliwa mwambani, akakulia mwambani, hata akavuliwa papo hapo. Sivyo. Samaki wengi wa bahari za joto wana nyumba tatu. Ya kwanza ni mikoko, ile miti iotayo katika matope ya hori na midomo ya mito. Ya pili ni majani ya baharini, yaliyotanda chini ya maji machache kama malisho ya ng'ombe. Ya tatu ni mwamba wa matumbawe. Hizi ni kama vyumba vya nyumba moja, na mlango wake ni maji.

Sikilizeni jinsi ilivyo. Samaki wazima wa mwambani hutaga, na vitoto vyao, vilivyo vidogo mno, huchukuliwa na mkondo kwa majuma kadha. Kisha wa aina nyingi huingia katika maji machache ya pwani, wakakaa penye majani na mikoko. Kwa nini huko? Kwanza, ni mahali pa maficho, maana chewa mkubwa hawezi kupenya kati ya mizizi. Pili, chakula ni tele: uduvi, kaa wachanga, na wadudu wa matopeni. Wakisha kupata nguvu huhamia mwambani, na huko ndiko wazaako.

Tena iko safari ya kila siku. Katika pwani ya Afrika Mashariki, maji ya bamvua hupanda na kushuka meta 3 na zaidi, na yakipwa, mikoko mingi hubaki pakavu. Basi maji yakijaa samaki huingia mikokoni kula. Yakipwa hurudi penye majani. Na katika kisiwa cha St. Croix, bahari ya Karibea, wako samaki wakaao kundi kundi penye matumbawe mchana kutwa. Jua likichwa hutoka kwenda kula majanini, na alfajiri hurejea. Mwaka 1983 wataalamu walionyesha ya kuwa matumbawe yenye wageni hao yalikua upesi kuliko yasiyo nao, kwa kuwa mavi ya samaki ni samadi kwa matumbawe. Hivyo mwamba hulishwa na majani yaliyo mbali nao.

Labda mtu atauliza, "Ni nani aliyemfuata samaki chini ya maji hata akayajua hayo?" Jawabu ni kwamba samaki huchukua kitabu chake kichwani. Ndani ya kichwa chake mna jiwe dogo la sikio, nalo hukua tabaka juu ya tabaka, kama mti uongezavyo duara kila mwaka. Chakula na maji ya mahali alipokaa huacha alama katika tabaka zile. Wataalamu walipopima mawe ya samaki wa mwambani katika pwani ya Tanzania, wakiwamo wa jamaa ya changu, waliona ya kuwa wengi wa aina kadha walikulia penye mikoko na majani. Habari hiyo ilichapwa mwaka 2013. Wahenga walisema kweli: vyaelea, vimeundwa.

Basi, nyumba moja ikibomolewa, itakuwaje? Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004, uliofanywa pande za Belize na Mexico, ulionyesha ya kuwa uzito wa samaki wa aina kadha ulikuwa zaidi ya maradufu katika miamba iliyo karibu na mikoko mingi. Na pono mmoja mkubwa wa huko, ambaye utoto wake hutegemea mikoko, alitoweka kabisa mahali ilipokatwa. Hasara hiyo haiishii kwa pono, kwa kuwa yeye hukwangua mimea midogo mwambani. Akiondoka, mimea huyafunika matumbawe, nayo hudhoofika.

Kwa hiyo akataye mikoko yote ya hori moja amepunguza samaki wa mwamba asiouona. Na yule akokotaye juya la macho madogo juu ya majani, akajaza kikapu vitoto vyenye urefu wa kidole, huyo ni kama mkulima alaye mbegu zake kabla ya masika. Hatusemi hivi kwa kuwadharau wenye njaa. Baba mwenye watoto wanaolia hawezi kungoja mwaka. Lakini haifai mtu mmoja aachiwe peke yake kazi ya kungoja. Sharti mji mzima upatane. Yawezekana. Huko Gazi, kusini ya Mombasa, watu wamepanda mikoko tangu miaka ya 1990, na tangu mwaka 2013 hupata fedha kwa kuitunza, fedha zilizosaidia maji ya mji na shule.

Ninyi walimu mlio karibu na pwani, wapelekeni watoto ufuoni wakati wa kupwa, mkawaonyeshe samaki wachanga katika vidimbwi vya majanini. Waulizeni: huyu atakuwa wapi mwakani, na ni nani atakayemla? Nanyi wazazi, mnunuapo samaki sokoni, mtazameni kwanza ukubwa wake. Asiyenunua vitoto humpunguzia mvuvi sababu ya kuvivua.