Macho na Kisukari, Sehemu ya 4: Uvimbe Sugu Si Sababu ya Kuacha Tiba

Mama zangu, kuna maneno nayasikia sana kwa familia zenye mgonjwa wa kisukari: "Bibi alichomwa sindano mbili za jicho, hatukuona kitu, tukaacha." Mi nasema hapana. Kuacha katikati ndiko kunakomaliza jicho.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, vimishipa vya damu nyuma ya jicho vinadhoofika, vinatuna na kuvujisha maji. Maji yakijaa kwenye makula, ile sehemu ya katikati tunayotumia kusoma na kutambua sura, inavimba. Ndo hapo bibi anaona mistari imepinda, au hamtambui mjukuu mpaka aongee.

Sindano inapunguza kuvuja, haiondoi kisukari. Ndo maana mwanzoni huchomwa kila mwezi, kwa miezi kadhaa. Na hata hivyo uvimbe unaweza kugoma. Kwenye utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, baada ya wiki 24 za sindano, karibu wagonjwa 2 kati ya 3 waliopewa bevasizumabu, ile ya bei nafuu, bado walikuwa na uvimbe. Kwa aflibasepti, ya bei kubwa, ilikuwa karibu 1 kati ya 3. Sasa wewe sindano mbili tu unasema dawa imeshindwa?

Badala ya kuacha, muulize daktari: Tuendelee na hii? Tubadili dawa? Leza kwenye vimishipa vinavyovuja itafaa? Au steroidi ndani ya jicho? Hiyo ya mwisho inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, kwa hiyo kliniki msikose. Na sukari na presha ya damu zisiposhuka, jicho litaendelea kuteseka.

Najua pesa ni ngumu. Ndo maana naona familia iambiwe siku ya kwanza gharama ya miezi sita, siyo ya sindano moja. Watoto wachangishane mapema, kuliko kukopa ya mwezi mmoja halafu basi.

Na wewe mama kijana mwenye kisukari, ujauzito unaweza kuharakisha tatizo hili. Pima macho mapema, na kama una mimba sema kabla hujachomwa.

Bibi ana tarehe ya kliniki? Iandikeni ukutani, mjue nani anampeleka.