Kabla ushangilie Urusi ama Marekani, uliza nani bado analipa bili ya 1963

Keti jioni kwenye kibanda chochote cha chai kati ya Kariobangi na Donholm, ama fungua TikTok tu, utaona vile wasee wamegawanyika. Huyu ni timu Urusi. Yule ni timu Marekani. Mwingine anaapa kwamba China ndiyo itawamaliza wote. Kapteni Ibrahim Traoré akihutubia kule Burkina Faso, klipu inafika Kayole kabla hajashuka jukwaani. Ni kama ligi ya Uingereza, ila mechi ya Arsenal ikiisha hakuna mtu anakuja kukuuliza babu yako alizaliwa wapi.

Sasa mchezo umesogea hadi mlangoni. Desemba 2025 Israel iliitambua Somaliland, eneo lililojitangazia uhuru kutoka Somalia mwaka 1991 na kukaa zaidi ya miaka 30 bila nchi yoyote mwanachama wa Umoja wa Mataifa kulikubali. Tangu hapo kila mwenye bando amekuwa mchoraji wa ramani. Kuna wanaofurahia, kuna wanaotukana, na kuna wale wa kutania kwamba hata sisi Kenya tujikate vipande, kila mtu abebe chake aende. Utani huo si mpya. Pwani walikuwa na Mombasa Republican Council na "Pwani si Kenya" yao. Baada ya uchaguzi wa 2017 stori ya kujitenga ilirudi, mara hiyo ikitoka vinywani mwa wanasiasa wa upinzani.

Mimi katika hii mechi sina timu, na nitakuambia kwa nini. Kenya hii tayari imepigana vita vya kujitenga. Madola makubwa yalikuwa ndani yake hadi shingoni. Shuleni pengine ulipewa aya moja, Vita vya Shifta, tarehe mbili tatu, kisha mwalimu akageuza ukurasa. Lakini vita hivyo viliendelea kuishi kwenye foleni za kitambulisho, na mojawapo ya foleni hizo iko hapa kwetu Eastlands.

Turudi nyuma kidogo. Kaskazini mwa nchi, kuanzia Garissa hadi Mandera, Moyale na Isiolo, Waingereza walipaita Northern Frontier District, NFD. Walipafunga. Kwa miongo kadhaa ulihitaji kibali kuingia ama kutoka, na shule zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960, Wasomali wengi wa upande huu wa mpaka wakaona afadhali waungane na ndugu zao. Mwaka 1962 Uingereza ikaunda tume, tume ikazunguka, ikaripoti kwamba wakazi wengi wanataka kujitenga. Machi 1963 London ikatangaza kwamba eneo litabaki Kenya hata hivyo. Mogadishu ikakata uhusiano na Uingereza mwezi huo huo. Yaani uliuliza watu maoni yao, ukayaandika vizuri kwenye karatasi, kisha ukafanya kile ulikuwa umeshaamua.

Si kila mtu kule alitaka kuondoka, na hili wapenda ramani za WhatsApp hulisahau. Waborana wengi walitaka kubaki. Ukitembea mjini kutoka City Hall Way kuelekea Kenyatta Avenue unapita Wabera Street. Wabera ni Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, Mborana aliyepinga kujitenga. Aliviziwa na kuuawa Juni 1963 pamoja na chifu Haji Galma Dido. Ukikata eneo lolote la Kenya kwa kisu, hakuna mahali kisu kitapita bila kumkuta mtu wa upande ule mwingine amesimama hapo.

Kabla Desemba 1963 haijaisha, siku chache tu baada ya bendera kupandishwa, serikali ya Kenyatta ilitangaza hali ya hatari kaskazini. Na hapo wakubwa wakaingia. Somalia ilikuwa imeomba silaha nchi za Magharibi, ikapewa kidogo na masharti, ikaenda Moscow ambako ilipata zaidi. Kenya ikabaki na Uingereza, iliyotoa mafunzo na vifaa, na ikafunga mkataba wa ulinzi na Ethiopia ya Haile Selassie, ambaye naye alikuwa rafiki wa Washington. Kituko ni kwamba Aprili 1965 meli ya Usovieti ilitia nanga Mombasa ikiwa imebeba silaha za Kenya. Moscow ilikuwa tayari kusambaza pande zote mbili! Kenyatta alizikataa akisema ni kuukuu.

Lakini kipande ninachotaka ukikumbuke zaidi ni cha 1977. Somalia iliingia Ogaden, ndani ya Ethiopia, kudai ndugu zake wengine. Mfalme alikuwa ameshapinduliwa mwaka 1974, na Addis Ababa ilikuwa mikononi mwa wanajeshi wa mrengo wa kikomunisti. Moscow ikapiga hesabu, ikaona Ethiopia ina uzito zaidi, ikahama. Novemba 1977 Somalia ikawafukuza washauri wa Usovieti. Silaha za Moscow na wanajeshi wa Cuba wakamiminika Ethiopia, na kufikia Machi 1978 jeshi la Somalia lilikuwa limesukumwa nje. Miaka michache baadaye Wamarekani wakawa ndio wanatumia bandari na uwanja wa ndege wa Berbera, ule ule uliojengwa na Wasovieti. Hata NASA iliukodi uwanja huo uwe mahali pa dharura pa kutua chombo chao cha angani.

Berbera iko wapi? Somaliland. Ndiyo hiyo hiyo unayobishania leo. Bandari sasa inaendeshwa na DP World ya Dubai. Ethiopia iliitaka njia ya bahari, ikatia saini makubaliano Januari 1, 2024. Taiwan imekuwa na ofisi Hargeisa tangu 2020, jambo linaloiudhi China, na Uturuki ina kambi ya mafunzo ya kijeshi Mogadishu. Jirani yao Djibouti wana kambi ya Marekani na ya China ndani ya nchi moja ndogo. Nyumba ni ile ile, wapangaji ndio hubadilika kila msimu.

Wachezaji walibadilishana jezi kipindi cha pili, na hakuna aliyewarudishia mashabiki pesa ya tiketi. Hao mashabiki walikuwa watu wa Garissa, Wajir, Mandera na Isiolo. Mwaka 1966 na 1967 serikali iliwakusanya wafugaji kwenye vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, vikaitwa manyatta. Ngamia na ng'ombe waliopatikana nje walipigwa risasi ama kuchukuliwa. Mfugaji aliyemaliza mifugo ni kama mwenye kibanda cha mitumba Gikomba asubuhi baada ya moto, tofauti ni kwamba yeye hana mahali pa kuchukua mkopo wa kuanza tena.

Vita vilitulizwa kwa mazungumzo, Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi, na makubaliano yakafikiwa Arusha Oktoba 1967. Hali ya hatari ikaondolewa mwaka 1991. Soma tena hiyo tarehe. Katikati hapo, mwaka 1970, Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali dhidi ya kesi kuhusu waliyoyatenda kule wakati wa vita. Februari 1984 wanaume wa Kidegodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi wakauawa. Serikali ilikubali vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliona idadi ilikuwa kubwa kuliko hiyo kwa mbali. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipangwa foleni wachujwe upya, na waliofaulu wakapewa kadi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Hakuna kabila lingine liliombwa kadi mbili.

Hapo ndipo stori inaingia mtaani. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kweli yaliyoua watu wa kweli, Westgate na hata hapo Eastleigh, serikali ilizindua operesheni ya Usalama Watch. Maelfu walitolewa nyumbani Eastleigh na kupelekwa uwanja wa Kasarani. Pale ambapo tunaenda kushangilia Harambee Stars, wazee na akina mama wenye watoto walikuwa wanangoja kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Wakazi walikuwa na msemo kwamba karao wameigeuza Eastleigh ATM, na kila aliyekuwa na kitambulisho lakini bado akatoa kitu kidogo alijua maana yake.

Kama wewe si Msomali na unaona hii ni stori ya wenyewe, ngoja. Aprili 1954 Waingereza waliufunga mji huu kwa Operesheni Anvil. Wanajeshi walizingira mitaa ya Eastlands, nyumba kwa nyumba. Ukiwa Mkikuyu, Muembu ama Mmeru ulipangwa mstari, kipande chako kikakaguliwa, na mtu aliyefunikwa gunia kichwani akaonyesha kwa ishara kama wewe ni wa kuachiliwa ama wa kupandishwa lori. Maelfu walifungwa vizuizini bila kesi, na huko mashambani familia zikahamishiwa vijiji vya kulindwa. Miaka 12 baadaye serikali ya watu waliopitia hayo ikajenga vijiji kama hivyo kaskazini. Hapo huwezi kulaumu Moscow wala London. Walileta silaha na mafunzo, lakini uamuzi ulitiwa saini Nairobi.

Tazama pia lile neno. Shifta limetoka Ethiopia na Eritrea, na maana yake ni jambazi. Ukishamwita mtu jambazi, mjadala umekwisha, kwa sababu hakuna anayezungumza na jambazi kuhusu barabara na shule. Dai likishapata mfadhili wa nje, hata kama mwanzo lilikuwa la haki, serikali haitalijibu tena, itamjibu mfadhili. Wasomali wa NFD waliambiwa wanatumiwa na Mogadishu. Julai 2024, vijana tukiwa barabarani kwa sababu ya ushuru, Rais William Ruto aliishutumu Ford Foundation ya Marekani kwamba inafadhili fujo, shutuma ambayo shirika hilo lilikanusha. Hii ni wiki chache tu baada ya Marekani hiyo hiyo kuipa Kenya hadhi ya mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO. Na mwaka 2025 baadhi ya vijana waliokamatwa kwenye maandamano walifikishwa mahakamani Kahawa kwa mashtaka ya ugaidi. Linganisha gaidi na shifta, uone kama kazi yake si ile ile.

Kinachoniudhi zaidi ni unafiki wa kukodisha kumbi. Waliotaka kuigawanya nyumba yetu tuliwapiga, lakini wanaogawanya ya jirani tunawapa kiti na maji ya chupa. Desemba 2023 Corneille Nangaa alizindulia Alliance Fleuve Congo katika hoteli ya hapa Nairobi, M23 wakiwa ndani. Januari 2025 Goma ikaanguka, na sasa mji una gavana aliyewekwa na waasi huku Marekani na China wakigombania madini ya Congo. Februari 2025 RSF ya Sudan na washirika wake walikutana KICC na kuandaa mkataba wa serikali sambamba. Khartoum inasema Falme za Kiarabu ndizo zinawalisha silaha RSF, nazo zinakanusha. Mwezi uliofuata Sudan ilipiga marufuku bidhaa kutoka Kenya, chai ikiwemo. Mkulima wa chai wa Kericho hakualikwa KICC, lakini bili ilimfikia.

Sisemi mipaka ya mkoloni ni mitakatifu. Somaliland ina hoja zake. Imefanya uchaguzi, na mwaka 2024 rais aliyekuwa madarakani akashindwa na kukabidhi kiti, kitu ambacho wengi katika ukanda huu tunakiona kwenye runinga tu. Lakini anayeitambua leo anaangalia Bahari ya Shamu, na siku bahari hiyo haitamfaa ataondoka vile wa kwanza aliondoka 1977. Kwa hivyo dai la kujitenga likija, la kwao ama la hapa, uliza watu wanaoishi ndani yake wanataka nini, akina Wabera wao watawekwa wapi, na nani ataendelea kulipa wageni wakishapanda ndege.

Februari 2025 Rais Ruto, akiwa ziarani Kaskazini Mashariki, alitangaza kufuta ule msasa wa ziada ambao wakazi wa kaunti za mpakani walikuwa wakipigwa kabla ya kupewa kitambulisho. Ni hatua nzuri iliyochelewa zaidi ya nusu karne. Baadhi ya wanasiasa walipiga kelele kwamba wageni watapewa kura, na uchaguzi wa 2027 ukikaribia kelele hizo zitarudi. Wewe unajua kitambulisho ni nini Nairobi. Bila hicho husajili laini, huna M-Pesa yako, na mlinzi wa jengo lolote mjini hakufungulii geti. Kama una rafiki Section Three ama Pumwani mliyemaliza naye fomu four mwaka mmoja, muulize yeye alingoja miezi mingapi, na aliitishwa karatasi za nani.