Nani katia mchanga kwenye kitumbua chetu?

Haya wadau, nasema mapema ili asiyetaka ugomvi aondoke na mapema: huo mgomo wenu wa vitumbua ni upuuzi.

Kwa wasiokuwepo kwenye grupu la darasa, habari ndo hii. Kuna mheshimiwa mmoja (simtaji, anajijua) kaja na hoja kwamba vitumbua vya Viwanja Sitini vimekuwa vidogo, kwamba akina mama wanatuchuna sisi wanachuo kwa sababu wanajua bumu likitoka tuna hela, na kwamba dawa yao ni kususa wiki nzima mpaka wanyooke. Watu wakamwaga vidole gumba kama mvua ya masika. Mwingine kapiga picha kitumbua kikiwa kando ya sarafu ya mia mbili, akaandika neno moja tu chini yake: UFISADI.

Jamani. Yaani nchi hii ina mambo yote yale, halafu neno ufisadi tumekwenda kulibandika kwa mama aliyeamka saa tisa usiku kuwasha mkaa?

Mi napinga, na sipingi kwa huruma. Napinga kwa sababu hesabu inakataa.

Tukifungue kwanza hicho kitumbua. Ndani kuna mchele uliolowekwa ukasagwa, tui la nazi, sukari, hamira, iliki kama mama ana moyo mzuri, kisha mafuta na mkaa. Mchele tusiulizane, tupo Bonde la Kilombero. Hapa hapa Ifakara kuna kituo cha utafiti wa mpunga, wazee wanakiita KATRIN mpaka leo, ingawa sasa jina lake ni TARI Ifakara. Sukari nayo haiko mbali. Ukishika barabara ya Kidatu, ukapita Kiberege na Mang'ula, hujamaliza kilomita 70 umeshaanza kuona miwa kulia na kushoto. Kule ndiko kwa Kilombero Sugar, wenye viwanda vya Msolwa na Ruembe, kimoja huku na kingine ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu. Maelfu ya wakulima wadogo wa bonde hili wanapeleka muwa pale, na malipo yao yanategemea utamu uliomo ndani ya muwa.

Kwa hiyo mchele ni wa kwetu, sukari ni ya kwetu. Kama kuna mji Tanzania ambao kitumbua kilitakiwa kinenepe, ni huu. Kikikonda hapa, kabla ya kumvamia mpishi, mtu mzima anajiuliza kwanza nini kimepita kati ya shamba na kikaango.

Turudi 2024, maana bila hapo hamtaelewa. Mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa 2023 zilichapa mashamba ya miwa nchi nzima. Muwa ukinyeshewa kupita kiasi yanatokea mambo mawili: magari hayaingii shambani kuutoa, na utamu wake unashuka, unabaki maji maji. Viwanda vikapunguza kusaga, vingine vikasimama. Sukari ikaadimika. Januari 2024 Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi ya rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kulingana na kanda. Mitaani watu wakanunua kwa 4,000 na zaidi. Bei elekezi ilielekeza kweli, tatizo duka lilikuwa njia nyingine.

Sasa hesabu, maana tunajiita wasomi. Tuseme mama anatumia kilo mbili za sukari kwa siku. Kilo ikitoka 2,800 ikaenda 4,500, ongezeko ni 1,700, mara mbili ni 3,400. Kwa kitumbua cha mia mbili, hivyo ni vitumbua 17. Kila siku, kabla hajalipa mkaa, kabla hajanunua daftari la mtoto, vitumbua 17 vinakwenda kulipia ongezeko la sukari peke yake. Kwa wiki ya siku sita ni shilingi 20,400. Wangapi humu wanaweza kuchomoa buku ishirini kila wiki mfukoni bila kupiga simu nyumbani?

Na mama ana njia tatu tu. Apandishe bei, mnasusa. Apunguze sukari, mnasema vitumbua vyake vimechacha ladha. Apunguze kitumbua chenyewe, mnapiga picha. Hebu niambieni nyie mngefanyaje, na msiniletee majibu ya kwenye vitabu vya ujasiriamali.

Najua mnachotaka kusema, kuna mmoja kashakisema: "Mbona bei ya sukari ilishuka baadaye na vitumbua havikurudi ukubwa wake?" Hoja nzuri, naiheshimu. Lakini sukari ni kitu kimoja kati ya vitano au sita, mafuta na mkaa havijawahi kumsubiri mtu. Halafu mtaji ulioliwa haurudi kwa sababu bei imeshuka. Biashara ndogo ikila hasara miezi mitatu, anayeiendesha anakopa. Na sote tunajua mikopo ya mtaani inaitwaje: kausha damu. Lile jina halikutungwa na mshairi, limetungwa na waliokaushwa. Mama anayerejesha mkopo wa namna hiyo kila wiki hawezi kunenepesha kitumbua ili mheshimiwa wa darasani kwetu apige picha nzuri.

Sasa njooni kwenye kitu kinachoniuma zaidi. Mnasusa vitumbua mnakwenda kununua nini? Biskuti. Nimeona mmependekezana. Hivi mmeshawahi kuhesabu biskuti ndani ya pakiti? Pakiti ikipungua uzito haipigi kelele. Rangi ni ile ile, picha ile ile, bei ile ile, gramu zimeandikwa kwa herufi za kutafutia na tochi. Hakuna aliyeitisha mgomo wa biskuti. Mama anapunguza kitumbua mbele ya macho yako, kwenye sinia wazi, hana pa kuficha. Kwa hiyo tunamwadhibu kwa kukosa pa kuficha?

Tena kuna hili ambalo halisemwi vijiweni. Viwanda vikubwa vya soda na biskuti vina sukari yao, ile ya viwandani, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiagizwa nje kwa nafuu ya ushuru. Sipingi, ajira zinatakiwa. Lakini niambieni nafuu ya mama vitumbua iko dirisha gani. Yeye ni kiwanda pia, ana malighafi, ana nishati, ana soko, ana hadi wateja wakorofi. Ila sukari yake anapimiwa dukani, robo kwa robo, bei ya mwisho kabisa kwenye mnyororo. Anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa ghali kila siku, na huyo huyo ndiye tunamwita mchunaji.

Tena wakati wa kuchangia serikali inamjua vizuri. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kila kimoja, kwa wenye mauzo yasiyofika milioni nne kwa mwaka. Wapo waliovifurahia, na haki yao, vilipunguza kufukuzana na mgambo. Swali langu ni jepesi: kama jina lake liliweza kuandikwa siku ya kutoa elfu ishirini, mbona siku sukari ilipoadimika hakuna aliyelitafuta?

Haya, sasa siasa na vyombo vya habari, maana humo ndo mchanga ulipoingilia kwenye kitumbua.

Mnakumbuka Juni 2024? Luhaga Mpina, aliyekuwa Mbunge wa Kisesa, alisimama bungeni akamtuhumu Hussein Bashe, wakati ule Waziri wa Kilimo, kwamba amelidanganya Bunge kuhusu sukari na vibali vya kuiingiza nchini. Spika wa wakati ule, Tulia Ackson, akamtaka alete ushahidi. Akaupeleka, halafu akazungumza na waandishi wa habari kabla Bunge halijaufanyia kazi. Tarehe 24 Juni akasimamishwa vikao 15. Mwezi huo huo Sheria ya Fedha ya 2024 ikafungua mlango kwa NFRA, wale wa hifadhi ya chakula, kununua, kuingiza na kutunza sukari ya akiba. Wenye viwanda hawakufurahi.

Sasa jikumbusheni sisi tulikuwa tunajadili nini bwenini. Mpina kamkalisha Bashe. Bashe kamjibu. Spika kampa kadi nyekundu. Ilikuwa kama Simba na Yanga, watu hadi walikuwa wanawekeana soda! Redio zikakata sauti za kuchekesha, mitandao ikakata klipu za sekunde 30, vichwa vya habari vikawa ni nani kampiga nani. Jioni tukahamia kwenye tamthilia, Huba na Jua Kali, na kusema kweli tofauti ilikuwa ndogo. Kote tulikuwa tunasubiri nani ataumbuka.

Nani aliuliza sukari ya akiba itakaa ghala gani na itauzwa kwa bei gani? Nani aliuliza mvua ikirudia, mkulima wa Sanje ambaye muwa wake umeozea shambani anafidiwa vipi? Nani alikwenda sokoni Ifakara na kipaza sauti akamuuliza mama wa vitumbua anasemaje? Mi simsemi Mpina kwamba alikuwa mkweli wala Bashe kwamba alikuwa mwongo, hukumu hiyo sina. Nasema kwamba sukari ilikuwa mezani, sisi tukaangalia ngumi.

Na siyo kwamba tulizaliwa hivi. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena Bunge mubashara kama zamani. Sababu iliyotolewa ni gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Baadaye vikao vikaanza kupatikana kwa njia nyingine, leo mwenye bando anavikuta YouTube. Lakini mazoea yalishaharibika. Mtu aliyekuwa anakaa na mzee wake sebuleni kusikiliza mjadala wa bajeti kuanzia swali mpaka jibu, alizoea vipande. Na kipande hakibebi bei ya sukari, kinabeba tusi. Tusi ni tamu kuliko takwimu, na halihitaji kibali cha kuingizwa nchini.

Atatokea mtu wa afya hapa (tumejaa tele mji huu) aseme sukari yenyewe ni ugonjwa, bora ipande watu wasile. Kaka, dada, nakusikia. Lakini anayekula vitumbua viwili asubuhi na chai ya rangi kabla ya kwenda shambani Lipangalala hajaugua kwa hivyo viwili. Na bei ya sukari ikipanda hapati mboga za majani badala yake, anapata njaa. Tiba gani hiyo?

Mwingine atasema siasa si kazi ya mwanachuo, tumekuja kusoma. Sawa. Ila kupanga mgomo dhidi ya mama mwenye sinia moja ni siasa tayari, bwana mkubwa. Ni ile siasa rahisi ya kumpiga aliye karibu kwa kosa la aliye mbali. Wakubwa wanaipenda sana, maana tukishamaliza kugombana na mama vitumbua tunakuwa tumechoka, hatuna tena nguvu ya kuuliza habari za vibali.

Sasa nisiwe mlalamishi mtupu, naleta pendekezo. Badala ya kususa, tuandike. Daftari moja la darasa, kila Jumamosi mtu mmoja apite maduka matatu ya Viwanja Sitini aandike bei ya kilo ya sukari, ya robo, ya lita ya mafuta, ya kopo la mkaa, na bei ya chenga za mchele. Pembeni aandike na kitumbua: bei yake, na uzito wake kama mizani ya jikoni itapatikana. Tukifanya semista mbili tu tutakuwa na kitu ambacho hakuna klipu inacho. Tutaona bei ilipanda lini, ilishuka lini, na nani alichelewa kuishusha. Tupeleke nakala redioni hapa mjini waisome hewani, nyingine kwa diwani. Atakayekuja kuomba kura tumfungulie daftari kwenye ukurasa wa wiki hiyo tumwulize, mheshimiwa, hapa ulikuwa wapi?

Kazi yenyewe ni ya nusu saa, haihitaji ufadhili wala fulana. Nimeshanunua daftari, kurasa 96, lipo chumbani kwangu. Jumamosi ya kwanza naandika mimi. Ya pili nahitaji jina, na yule mpiga picha wa sarafu nampa kipaumbele, jicho analo.

Nawasilisha. Kunitukana ruksa, ila atakayenitukana aje na bei ya sukari ya mtaani kwake.